Kiangazi Kibua: Starehe Kumi za Kijana Asiyeoa

Julai ikiingia, shule zinafungwa, mvua inapungua, na kila mtu wa Kivu mwenye kwao anaanza kuulizwa anakwenda lini. Kwetu ni Kibua, pale Masisi inapokwisha na Walikale inapoanza, malisho ya ng'ombe yakiuachia msitu nafasi. Usiitafute kwenye vitabu vya watalii. Utaisikia kwenye Radio Okapi, na mara nyingi si kwa sababu kuna mtu amepika vizuri.

Mimi ni mtoto wa huko, naishi Goma, ni mjomba wa watoto wengi, na ninapenda wanaume. Hilo la mwisho halijawahi kusomwa kwenye kikao cha ukoo. Nyumbani wananijua kwa jina lingine: yule asiyeoa.

Hizi basi ni starehe zangu kumi za likizo, kuanzia ya chini kupanda hadi ya juu. Kipimo ni kimoja: mtu wa aina yangu anapumzika pale tu ambapo hakuna anayemdai maelezo. Kulala naweza popote.

10. Barabara

Kutoka Goma unapita Sake, unapanda Mushaki, unafika Masisi-centre, kisha Nyabiondo, Kashebere, halafu Kibua. Ukiitazama ramani unadhani utakunywa chai Goma na kula chakula cha mchana nyumbani. Msimu wa mvua hilo ni suala la imani. Kiangazi kinasaidia: matope yanageuka vumbi, na unafika ukiwa na rangi moja na pikipiki iliyokuleta.

Njiani kuna vilima vya Masisi, ng'ombe wametapakaa juu yake, na zile duara za jibini ambazo Goma nzima inaziita fromaji. Nunua moja. Ikifika Kibua haijang'atwa, ujue umesafiri na dereva mcha Mungu.

Kisha zinaanza bariyeri. Kamba imefungwa kwenye miti miwili, kijana mwenye bunduki ameishika, na bei inategemea kama amekula au hajala. Atakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza kwa nini sina mke. Unalipa, unapewa jeton kuonyesha umelipa, unapita. Nitakuonyesha bariyeri nyingine kwenye namba 3. Ile haitoi jeton.

Na usiseme hatuna uwanja wa ndege. Huko mbele, Kilambo, kipande cha lami cha barabara kuu kiligeuzwa kiwanja, na ndege ndogo zikawa zinatua katikati ya njia kuchukua madini ya bati ya Bisie. Kwetu jiwe lilipanda ndege kabla ya mwenye shamba.

9. Rezo

Kuna mwaka barabara haikuwemo hata kwenye mazungumzo. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Tarehe 19 Machi wakafika Walikale-centre, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Kiangazi cha mwaka huo ukoo wetu ulikutana kwenye WhatsApp: wengine Goma, wengine Kampala, mmoja Nairobi, mmoja Brussels, na wale wa nyumbani, ambao walionekana kila mara mtu alipopanda kilima kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu.

Ujumbe wao, baada ya kimya kirefu, ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza: "Tuko wazima." Wa pili: "Utaoa lini?" Siku nyingine yote mawili kwenye sentensi moja.

Hebu fikiria. Watu wamekimbia na godoro kichwani, wamelala kwenye darasa la watu, wamerudi wamekuta kuku wameliwa, na bado wana chaji ya kufuatilia ndoa yangu. Mwanzoni ilinikera. Kisha ikapita wiki nzima bila mtu kuniuliza, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Inakaa namba 9 kwa sababu ya kitufe kimoja tu ambacho maisha ya ana kwa ana hayana: ukiulizwa swali gumu, unazima simu na kusingizia rezo.

8. Poda

Katikati ya likizo yanatoka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Siku hizi yanakuja kwa ujumbe wa simu, hivyo unaona kundi la vijana limeinamia kisimu kimoja chenye kioo kilichopasuka, wanasubiri hukumu. Ikija vizuri, kelele. Poda nyeupe inamwagwa kichwani, usoni, mgongoni, mpaka mtahiniwa hatambuliki hata na mama yake.

Hapo wavulana wanakumbatiana. Wanabebana. Wanalia begani kwa wenzao na kamasi inatiririka bila aibu. Hiyo ndiyo siku ambayo niliwahi kumkumbatia kijana hadharani kwa muda wote niliotaka, na baba yake akapiga makofi.

Ningependekeza mitihani ya taifa iwe miwili kwa mwaka.

7. Ramani yangu ya utalii

Mtalii wa kawaida akipanga safari anatazama bei ya hoteli. Mimi nasoma sheria ya jinai. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na majirani wametupokea kwa mikono miwili. Shida ni kwamba baadhi ya mikono hiyo imeshika pingu.

Kampala: tarehe 26 Mei 2023 Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya watu kama mimi, yenye kifungo cha maisha, na adhabu ya kifo kwa makosa yaliyoitwa mazito zaidi. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ikaiacha karibu yote isimame. Nairobi: tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165, urithi wa Waingereza; Februari 2023 Mahakama ya Juu ikasema wanaotetea watu kama mimi wana haki ya kusajili shirika lao. Yaani chama unaweza kuandikisha, ila usirudi nyumbani na mwanachama. Bujumbura walitunga sheria yao mwaka 2009. Zanzibar nasikia maji ni ya buluu; nayatazama kwenye simu, sheria ya Tanzania haijafika huko.

Inabaki Gisenyi. Rwanda haina kifungu cha kumfunga mtu kwa sababu hiyo, na kutoka Goma unavuka kwa miguu pale Petite Barrière, katikati ya akina mama wenye nyanya na unga kichwani. Ukishavuka, ufukwe uko karibu. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, na watoto wanajifunza kuelea wakiwa wamekumbatia vidumu vya mafuta ya kupikia.

Kiangazi kimoja nilikuwa pale na mtu wangu. Nilikuwa namshika chini ya mgongo, majini, nikimfundisha kulala chali bila kuzama, kwa sababu ni mtoto wa kando ya ziwa asiyejua kuogelea, na Goma wako wengi. Kuinua macho, namwona mzee wa kanisa ninayemfahamu vizuri, kwenye maji hayo hayo, naye anamfundisha mtu kuelea. Yule mtu hakuwa mke wake. Tulisalimiana kwa heshima zote. Hakuniuliza niko na nani, sikumuuliza yuko na nani, na mpaka leo tukikutana tunaulizana habari za maji.

6. Misa ya Jumapili

Ukifika Kibua usiende Misa, kwa mama hujafika. Kwa hiyo nakwenda, nimevaa shati lililopigwa pasi ya makaa, na nakaa upande wa wanaume wasio na watoto, benchi ambalo kila mwaka linakuwa refu zaidi kwa kuwa nabaki peke yangu.

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa waraka wa *Fiducia Supplicans*, ukiwaruhusu mapadri kuwaombea baraka, nje ya ibada rasmi, hata watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, akasema huku kwetu baraka hizo hazitatolewa. Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe tulimkosa kwa njia nyingine: Goma ilikuwa kwenye ratiba yake ya Julai 2022, goti likamsumbua, safari ikaahirishwa, na alipokuja Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023 Goma ilikuwa imeondolewa. Siku chache kabla ya kutua alikuwa amesema kupenda mtu wa jinsia yako si kosa la jinai. Ujumbe ulifika, mgeni hakufika.

Likizo iliyofuata, padri alilifafanua jambo la baraka kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mechi haipo. Misa ikaisha, akatoka nje na maji yake, akabariki pikipiki mpya, jenereta, na mashine ya kusaga mihogo. Nilisimama karibu na mashine kwa makusudi. Matone mawili yalinipata.

Ile pikipiki ilianguka kabla mwezi haujaisha. Mimi bado niko wima.

5. Harusi za Agosti

Agosti ni mwezi wa mahari. Upande wa Masisi wanahesabu ng'ombe, upande wa msitu wanahesabu mbuzi, na upande wa Goma wanahesabu dola na kusema hawauzi binti. Kila harusi ina kamati, kila kamati ina daftari, na daftari kila mwaka linakabidhiwa kwangu. Hoja yao: mtu asiye na mke hana matumizi, kwa hiyo hana sababu ya kula pesa ya mchango.

Hoja yao ya pili ni kwamba mtu asiye na matumizi achangie zaidi. Nimeshachangia mbuzi wa binamu wa kila umri. Siku ya kugawana mali, nina kwato kadhaa za kudai katika maboma ya wakwe wa watu.

Na nakiri napenda kazi hiyo. Napanga viti, nachagua kitenge cha sare, nabishana na mwenye spika kuhusu wimbo wa kuingilia. Wakati wali unaiva nakimbizana na watoto wanaoiba soda. Wazee wananitazama wanatikisa vichwa: "Kijana huyu, siku yake itakuwa harusi ya ajabu."

Naunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili. Tunatofautiana kidogo tu kuhusu bibi harusi.

4. Kitanda kimoja

Mwaka juzi dada yangu mdogo alikuja na mchumba wake, kijana aliyekwisha kutoa nusu ya mahari mbele ya mashahidi. Mchumba alilazwa kwa jirani. Mlangoni kwa dada akawekwa tate, bibi yetu, ambaye ana umri wa kusahau majina yetu sote ila anasikia kitasa kikiguswa kutoka ng'ambo ya mto.

Likizo iliyofuata nilikuja na rafiki yangu wa Goma. Tulipewa chumba kimoja, kitanda kimoja, chandarua kimoja na onyo moja: "Musigombanie blanketi." Usiku wa Kibua una baridi. Hatukuligombania.

Ndivyo nchi ilivyo. Wanaume wawili wakishikana mikono njia ya sokoni ni marafiki. Msapeur, yule mpenda mavazi ya kifahari, anaweza kuvaa kilti, akajipulizia marashi yakamtangulia kona nzima, akapaka vidole rangi, na watu wakasimama kumpigia makofi wakimwita papa. Mwanamume wa Kongo anaruhusiwa kupendeza kwa kiwango ambacho kwingine angeombwa kitambulisho.

Ila usije ukadhani huo ni uhuru kamili. Ni uhuru wa kutotazamwa, na unakwisha siku mtu mmoja akiamua kutazama. Kuna mwenzetu mjini ambaye mwenye nyumba aliamua kutazama. Jioni hiyo hiyo godoro lilikuwa barabarani na majirani wa miaka yote wakawa hawamjui. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa analipa kodi kwa wakati. Alikuwa analipa.

Kwa hiyo starehe hii ni namba 4. Ingekuwa ya kwanza kama ningeweza kucheka kwa sauti ndani ya kile chandarua.

3. Utaoa lini?

Hii ndiyo bariyeri ya mezani. Inawekwa baada ya chakula, mikono ikishanawa, wakati hakuna kisingizio cha mdomo kujaa. Mlinzi mkuu ni baba mdogo, ila hata mtoto wa darasa la pili ana ruhusa ya kukagua. Nimeiweka juu hivi kwa sababu, mtu akishazoea, kuvuka kwake ni mchezo. Haya ndiyo majibu niliyoyajaribu na hali yake kwa sasa:

"Mungu anajua." Lilifanya kazi vizuri hadi mama alipofunga na kuomba, akadai amejibiwa.

"Namaliza masomo kwanza." Limekwisha muda.

"Natafuta pesa." Hatari kubwa. Nililitamka mara moja tu, mzee akaagiza daftari la michango, na daftari lilikuwa mikononi mwangu.

"Yuko Kampala." Wanataka picha.

"Mahari imepanda." Hili ndilo dhahabu. Meza nzima inaanza kulalamikia bei ya ng'ombe na wewe unasahaulika hadi chai.

Baba mdogo, akishiba, anapenda kupanua mada. Anasema haya mambo ya wanaume kwa wanaume yametoka kwa wazungu. Anayasema akiwa amevaa tai. Nikiwa na nguvu namjibu kwa mkato. Sheria yetu ya jinai ilitungwa na Wabelgiji, tarehe 30 Januari 1940. Haina mstari unaosema usimpende mwanamume, ila ina kifungu cha 176 cha kuharibu maadili hadharani, na ndicho kinachochomolewa mtu akitaka kutubana. Wabelgiji wenyewe waliruhusu ndoa zetu mwaka 2003, na Desemba 2011 wakapata waziri mkuu, Elio Di Rupo, asiyeficha kwamba anapenda wanaume. Kufuli walituachia, ufunguo wakaondoka nao.

Hapo yeye hukimbilia Katiba ya 2006, kifungu cha 40: kila mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu amtakaye, wa jinsia tofauti. Nakipenda kifungu hicho. Kinanipa uhuru wa kuchagua, kisha kinanichagulia. Namwambia mimi nafuata kifungu cha 15, kile cha mtaani ambacho kila Mkongo anakijua kwa moyo: jipange mwenyewe. Hapo hata yeye hucheka, maana ndicho anachoishi nacho tangu azaliwe.

2. Mwindo

Usiku wa kiangazi, umeme hakuna na betri ya redio imekwisha, mtu huomba hadithi. Kwetu Wanyanga hadithi ya hadithi ni ya Mwindo. Zamani iliimbwa na kuchezwa, msimuliaji akitikisa kibuyu na njuga miguuni, watu wakimwitikia na kumlisha katikati ili asichoke. Candi Rureke aliiimba mwaka 1956, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaiandika, na 1969 ikatoka kitabu huko Marekani. Sisi tunaendelea kuiharibu kwa kumbukumbu.

Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwatangazia wake zake wazae wasichana peke yao. Wasichana huleta mahari. Akizaliwa wa kiume atauawa. Mke mmoja akazaa Mwindo, mtoto aliyetoka akitembea, akisema na kucheka, na fimbo yake ya mgwisho mkononi. Baba akamtupia mkuki, haukumpata. Akamzika, mtoto akatoka. Mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini.

Kwa hiyo mtu akiniambia mila yetu haimjui mtoto aliyekataliwa na baba kwa namna alivyozaliwa, namuuliza yeye ni Mnyanga wa wapi. Sidai Mwindo alikuwa wa aina yangu, hakuna aliyemuuliza. Nadai tu kwamba katika hadithi kubwa kuliko zote tulizo nazo, tatizo la familia lilianza na hesabu ya mahari, na mwenye kosa alikuwa baba.

Halafu tazama safari. Baba alipozidiwa alikimbilia chini ya ardhi, na kijana akamfuata mpaka kuzimu, akapigana na wakubwa wa huko, akamrudisha nyumbani. Hakumrudisha ili amuue. Alimrudisha, na Shemwindo akasimama mbele ya watu wa Tubondo, akaeleza aliyoyatenda na kuona aibu, kisha nchi ikagawanywa, kila mmoja na upande wake. Watoto wa siku hizi wakigombana na baba wanaishia kumblok.

Naisimulia kila likizo, baba akiwepo. Nikifika pale penye kikao cha Tubondo, yeye ndiye anayeinuka kuniongezea chai. Hatujawahi kulizungumza hilo. Ila chai ni nyingi, na sukari kwetu ni ghali.

Na ngoma, kabla sijasahau, ilielea kwenda wapi? Haikwenda kwa baba mdogo. Ilipanda mto hadi kwa Iyangura, dada wa baba.

1. Kigoda cha pili

Dada wa baba kwetu ni tantine, na asubuhi yake inaanzia kwenye kigoda nje ya jiko, mkungu wa ndizi mbichi mbele yake. Lituma inatoka hapo. Unakata ncha mbili, unapitisha kisu kwenye ganda kwa urefu wake, kisha unalisukuma kwa kidole gumba hadi liachie lenyewe. Ukisahau kupaka mawese mikononi, utomvu unanata, vidole vinakuwa vyeusi siku nzima, na Kibua yote inajua umetoka mjini. Zikishachemka zinaingia kwenye kinu, na mchi unafanya kazi mpaka donge linalainika. Linaliwa na sombe ya majani ya mihogo, au na nyama kama kuna mgeni wa maana.

Wanaume wanasema kumenya ndizi ni kazi ya wanawake. Wanalisema wakiwa wanasubiri kula. Mimi kigoda cha pili nimekikalia tangu utotoni, na hapo ndipo likizo yangu hasa ilipo. Tunazungumza nani amekufa, nani amezaa, nani anajifanya mgonjwa ili asiende shamba. Tantine anajua habari za watu wote na hajawahi kunidai yangu.

Likizo iliyopita baba mdogo alipita akasimama. "Mwanaume muzima na ndizi. Utaoa siku gani?"

Tantine hakuinua kichwa. "Muache. Akioa, huyo bibi yake ataniachia nani wa kumenya? Wewe enda tafuta kuni."

Baba mdogo akaenda kutafuta kuni. Nimeona MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na magari yao meupe yakipita njia hii kwa miaka, sijaona bariyeri ikiondolewa haraka namna ile.

Kisu kikaendelea. Baada ya ndizi kadhaa: "Na ule rafiki yako ya Goma, mwaka huu haji?"

"Ana kazi, tantine."

"Aje. Ile mara ingine alinitupia nusu ya ndizi pamoja na maganda. Aje ajifunze."

Sisemi kwamba tantine anajua. Sisemi kwamba hajui. Ana macho, ana umri, na ndiye aliyetandika kile kitanda cha namba 4. Sitamuuliza, na yeye haniulizi. Kati ya vigoda viwili deni la maelezo limefutwa pande zote. Najua pia kwamba si kila mwenzangu ana kigoda cha pili, na kwamba hiki changu kinategemea mikono yangu kuendelea kuwa na faida. Kwa sasa nakikalia, nakunywa chai ya baba, na namenya.

Jioni nilipanda kilima, rezo ikashika, nikampigia rafiki yangu kumwambia ameitwa rasmi, na nani amemwita. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza alete nini.

"Kisu chako mwenyewe," nikamwambia. "Na tayarisha jibu. Ukishakaa kwenye kigoda kwetu, wewe ni mtoto wa nyumbani, na baba mdogo atakuuliza utaoa lini."